Kuzungukia Ndugu wa Lindi na Mtwara kwa Gari la Kulala

Familia yenye asili ya Kusini mwa Tanzania mara nyingi imetawanyika kwenye mstari mrefu. Shangazi yuko Kilwa Masoko, mama mdogo Lindi mjini, binamu wawili Masasi, mjomba Newala, na mwingine kajenga Mtwara. Kuwazungukia wote kwa basi kunamaanisha mizigo kupandishwa na kushushwa kila baada ya siku mbili, na bodaboda kwa kipande cha mwisho. Hiace iliyotolewa viti vya nyuma na kufungwa kitanda inaimaliza kazi hiyo vizuri, na hata Noah yenye godoro na hema la pembeni inatosha kwa watu watatu.

Lakini anayenufaika zaidi na gari hilo ni mwenyeji. Watu sita wakishuka kwenye nyumba ya vyumba vitatu, wanaolala chini ni wenye nyumba: godoro anapewa mgeni, watoto wanahamia kwa jirani, na maji yaliyotekwa kwa siku mbili yanaisha asubuhi moja. Gari lililopangwa sawasawa linakuja na kitanda chake, maji yake na moto wake. Gari hilohilo likitumiwa ovyo linamwambia mwenyeji kwamba nyumba yake haifai kulaliwa. Kwa hiyo ufundi wa safari hii uko sehemu mbili, kwenye gari na kwenye uwanja wa watu, na wengi wanajiandaa kwa ule wa kwanza tu.

Ratiba inaanzia kwa ndugu

Kabla ya kufungua ramani, andika majina ya nyumba zote mtakazofika. Mbele ya kila jina weka mambo matatu: nani mkubwa pale, kuna msiba gani tangu mlipoonana mara ya mwisho, na gari litaingia mpaka wapi. La pili lina uzito kuliko yote. Nyumba yenye msiba ambao hamkuuhudhuria inafikwa kwa pole kabla ya kitu kingine chochote, na zawadi za furaha zinabaki garini mpaka pole imepokelewa.

Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba mkubwa ndiye mwenye ukoo, na kumpita mlangoni ni kosa litakalozungumzwa miaka. Tatizo ni kwamba barabara haijui ukoo: kutoka Dar es Salaam utapita Kilwa na Lindi kwanza, hata kama mjomba yuko Newala. Dawa yake ni simu ya wiki moja kabla, tena ipigwe na mtu mzima wa msafara, asitumwe kijana. "Shikamoo mjomba. Tunakuja huko, ila barabara inatupitisha Lindi kwa mama mdogo. Tunaomba ruhusa tulale pale usiku mmoja, kisha tuje kwako." Hakuna mjomba atakayekataa, na mtakapofika Newala atakuwa yeye ndiye aliyewaruhusu.

Katika simu hiyohiyo mwambie habari ya gari. Usisubiri aone kitanda uwanjani. Mwambie: "Tunakuja na gari lenye vitanda, watoto watalala humo, sisi wakubwa utatuonyesha pa kulala." Sentensi hiyo inaondoa nusu ya maudhi ya safari nzima.

Uliza pia kama kuna ngoma. Sherehe za jando na unyago hupangwa mara nyingi wakati wa likizo za shule, Juni na Desemba, na hizo ndizo likizo ambazo familia za mjini husafiri. Kama mtoto wa ndugu anatoka jandoni wiki hiyo, bajeti inabadilika kwa sababu kuna mchango na kuna nguo ya mwali, na usingizi wa garini usiutegemee, ngoma inakwenda mpaka kunakucha. Kuna kitu cha kuheshimu zaidi: makumbi, yaani kambi za jando, yanakuwa pembezoni mwa kijiji, na dereva asiyejua anaweza kupeleka gari mahali ambapo wanawake au wasiotahiriwa hawaruhusiwi kufika. Usifuate njia ya gari iliyopotelea vichakani eti unatafuta pa kuegesha. Uliza kwanza.

Mvua, salfa na mabibo

Kusini kuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na mabaki yake huingia Mei. Barabara kuu ya lami haikuhakikishii kupita. Mei 2024, baada ya mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika sehemu kadhaa, Somanga ikiwemo, na waliolazimika kufika Kusini walizungukia Songea na Tunduru hadi Masasi. Kama unasafiri kati ya Machi na Mei, beba chakula na maji ya siku mbili zaidi ya hesabu yako.

Juni mpaka Septemba ndiyo miezi ya kusafiri. Barabara za mchanga zimekauka, na jioni kuna upepo. Ila kuna salfa, na hiyo mgeni wa mjini haijui. Kuanzia Mei hadi Agosti hivi wakulima wa korosho wanapuliza salfa ya unga kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Kazi inafanyika alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani, ili unga ushike. Gari la kulala lina madirisha ya wavu, na wavu unaozuia mbu hauzuii salfa. Mtu aliyelala amefungua madirisha katikati ya shamba ataamka macho yanawaka na kifua kinakereka, godoro lina rangi ya njano, na maji ya kwenye ndoo isiyo na kifuniko hayafai. Jioni muulize mwenyeji kama kuna shamba la jirani litakalopulizwa kesho. Likiwepo, sogeza gari upande unakotoka upepo, funika maji na vyombo, na kabla ya kulala fungeni madirisha ya upande wa shamba. Aliye na pumu alale ndani ya nyumba.

Oktoba na Novemba mabibo yanaiva. Kivuli cha mkorosho ni kizuri na kinadanganya. Bibo likianguka juu ya hema linapasuka, na maji yake yakikaukia kwenye kitambaa doa halitoki kwa sabuni yoyote. Nyuki na sisimizi wanafuata utamu. Egesha hatua kumi nje ya mwisho wa matawi. Chini ya mnazi usiegeshe kabisa, mwezi wowote.

Uzito kabla ya mapambo

Wanaotengeneza gari la kulala kwa mara ya kwanza wanafikiria rangi ya mapazia. Fikiria kilo. Hiace ndefu nyingi zimeundwa kubeba karibu tani moja, abiria wakiwemo. Watu watano ni kilo 350. Mbao mbili za plaiwudi ya milimita 18, saizi ya futi nane kwa nne, ni kilo 60 na zaidi; ya milimita 12 inaokoa kilo 20 na inatosha kwa kitanda ukiweka mihimili kila sentimita 40. Betri ya asidi ya saa-ampea 100 ni karibu kilo 30. Madumu manne ya maji, kilo 80. Friji, mtungi wa gesi, vyombo na zana, kilo 70 nyingine. Hapo hujaweka zawadi, na zawadi za nyumba nane, kila moja kilo 5 za mchele, 2 za sukari, sabuni ya mche na doti ya khanga, zinakaribia kilo 65.

Jumla bado iko chini ya tani. Kinachoharibu mambo ni mpangilio. Madumu na zawadi vikirundikwa nyuma ya ekseli ya nyuma, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinakosa uzito wa kushika. Weka maji katikati, chini, mbele kidogo ya matairi ya nyuma. Juu ya keria usizidishe kilo 50, na usiweke madumu huko. Kila dumu ulilopandisha juu utalisikia kwenye kona.

Upepo wa matairi usikadirie kwa jicho. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, weka kiasi kilichoandikwa kwa gari lenye mzigo, na upime asubuhi tairi likiwa baridi. Tairi la nyuma lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa linajikunja kila mzunguko, joto linapanda, na linapasuka ubavuni saa nane mchana kati ya Somanga na Nangurukuru, mahali ambapo hakuna hata mti wa kivuli karibu. Angalia pia tarehe kwenye ubavu wa tairi: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi la miaka minane linaweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokwisha kufa.

Jambo la karatasi: viti vikitolewa na umbo kubadilishwa, kadi ya gari na bima vieleze gari lilivyo sasa. Zimamoto na pembetatu mbili ziwe mahali unapofikia bila kutoa godoro. Na gari likitembea hakuna mtu kitandani, hata mtoto aliyelala. Kila mtu kwenye kiti na mkanda wake.

Umeme na moto

Friji ya volti 12 ya lita 40 yenye kompresa, kwa joto la Lindi, itakula saa-ampea 30 hadi 45 kwa siku. Betri ya asidi ya 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 50 tu za kutumia. Paneli ya wati 200 juani, kwa saa tano nzuri za jua, inarudisha karibu 55 hadi 60. Hesabu inatosheleza, mpaka ufike kwa ndugu na kuegesha chini ya mwembe. Kivuli cha tawi moja juu ya paneli kinaweza kukuondolea nusu ya umeme au zaidi, kwa sababu seli zimeunganishwa mfululizo na iliyofunikwa inazibana nyingine. Chagua: kivuli au umeme. Ushauri wetu ni paneli moja ya kuhamishika yenye waya wa mita kumi, gari likae kivulini na paneli juani, mahali ambapo mbuzi hawafiki.

Halafu kuna simu. Gari lenye taa jioni litaletewa simu za kuchaji, na kukataa haifai. Simu moja inakula kama wati-saa 15. Kumi na tano ni 225, sawa na saa-ampea 19, zaidi ya theluthi moja ya umeme wako wa kutumia. Chajisheni mchana, injini ikiwa imewaka au jua likiwa kali, na usiku zichajiwe za wazee tu. Tumia soketi za USB za volti 12 moja kwa moja, kwa sababu inveta inapoteza umeme hata ikiwa haina kazi.

Kosa linalojirudia kwa mafundi ni waya mwembamba kati ya betri ya mbele (ya injini) na ya nyuma (ya friji na taa). Waya wa milimita za mraba 4, urefu wa mita tano kwenda na tano kurudi, ukipitisha ampea 30 unapoteza zaidi ya volti moja njiani. Betri ya nyuma haitajaa hata uendeshe Dar mpaka Mtwara, na fundi atakuambia betri ni mbovu. Weka wa 16, na fyuzi kwenye kila ncha iliyo karibu na betri, isizidi kiganja kimoja na nusu kutoka kwenye terminali. Bila fyuzi, waya ukikwaruzika kwenye bodi gari linaungua.

Gesi: mtungi wa kilo 6 unatosha wiki mbili ukipika saa mbili kwa siku kwa moto wa kawaida. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni kama maji. Kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu la chini linalotoka nje ya gari, upana wa vidole vitatu, na lisizibwe na zulia. Kila baada ya barabara mbaya pakaa povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta. Povu likivimba, kaza au badilisha.

Na hili lisomwe na kila mtu wa msafara. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na usiku wa Juni na Julai kuna baridi ambayo watu wa pwani hawaitegemei. Jiko la mkaa lisiingizwe garini kwa dakika moja, hata likiwa limebaki makaa mekundu bila moshi. Hewa yake haina harufu, na chumba kidogo chenye madirisha yaliyofungwa kinaua watu wote waliolala. Beba mablanketi.

Korosho mbichi nazo zisikaangwe kwenye jiko la ndani. Ganda lina mafuta makali yanayolipuka moto na kuunguza ngozi, na moshi wake unachoma koo. Kazi hiyo ina mahali pake nje, kwenye bati lililotobolewa, na mwenyeji anaijua.

Njiani

Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560. Usizimalize kwa siku moja ukiwa na familia. Ondoka saa kumi na moja alfajiri kabla Mbagala haijafunga kwa foleni, pita Kibiti na Ikwiriri, vuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, na kabla ya saa saba mchana uwe Nangurukuru. Hapo njia ya Kilwa Masoko inachepuka kushoto, na mwenye ndugu huko alale huko. Siku ya pili Lindi. Vijiji vyote vina kikomo cha kilomita 50 kwa saa na vinafuatana, hivyo wastani wa safari nzima hauzidi 60. Jua likizama, simama. Malori ya saruji kutoka Mtwara yanatembea usiku, baiskeli hazina taa, na gari lililoharibika linawekewa matawi barabarani ambayo utayaona umeshayafikia.

Baada ya Lindi, pale Mnazi Mmoja, barabara inagawanyika. Moja inanyoosha Mtwara kupitia Mikindani, nyingine inaingia bara kupitia Mtama na Ndanda hadi Masasi. Mwenye ndugu pande zote mbili afanye mzunguko: Lindi, Masasi, Newala, Tandahimba, Mtwara, kisha arudi kwa pwani. Kipande cha Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160, kimekuwa kikijengwa lami, hivyo sura yake inabadilika kila msimu. Waulize madereva wa Noah za abiria stendi ya Masasi. Wao wamepita asubuhi hiyohiyo.

Mteremko wa kushuka kutoka Newala kwenda upande wa Masasi unastahili aya yake. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewa, na ya miaka mitatu yana maji ya kutosha kuchemka breki zikipata moto. Yakichemka yanafanya mapovu, na pedali inashuka mpaka sakafuni bila kushika kitu. Badilisha mafuta kabla ya safari, lita moja inatosha kusafisha mfumo mzima. Mlimani shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Kwenye otomatiki weka 2 au L kabla hujaanza kushuka. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi halafu iachie, usiikalie. Ukisikia harufu ya kuungua, simama pembeni nusu saa, na usimwage maji kwenye gurudumu la moto, diski itapinda.

Mchanga ndio adui wa mwisho, hasa ukielekea ufukwe wa Msimbati au ukiingia kwenye vijia vya mashamba ya uwandani. Punguza upepo wa Hiace hadi psi 25, ukikwama shuka 20, na usizidi kilomita 30 kwa saa. Gurudumu likianza kuzunguka bila kusogea, ondoa mguu papo hapo. Kila mzunguko wa ziada unalizamisha kwa sentimita. Fukua mchanga mbele ya matairi yote manne, weka vipande vya mbao au makuti, na utoke kwa gia ya pili taratibu. Jeki lazima ikae juu ya ubao wa sentimita 30 kwa 30, la sivyo itazama yenyewe na gari litabaki palepale. Ukirudi kwenye lami jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo. Pampu ya volti 12 si anasa kwenye safari hii. Ukitoka ufukweni osha chini ya gari kwa maji baridi siku hiyohiyo, chumvi inaanza na mabomba ya breki.

Uwanjani kwa watu

Gari likifika, lizimwe nje ya uwanja. Shukeni, pigeni hodi, salimieni kwa mpangilio wa umri, kaeni. Baadaye, baada ya maji ya kunywa, ndipo mkubwa wa msafara aulize: "Gari tuliweke wapi?" Mwenye nyumba ana sababu ambazo hazionekani kwa macho. Pale penye kivuli kizuri huenda pana kaburi la babu. Pale pa wazi ndipo mihogo inapoanikwa. Ukuta wa makuti nyuma ya nyumba ni bafu, na dirisha la gari lililo juu kama la Hiace linaona ndani yake. Kwa mtu aliyekuja ukweni hili ni jambo kubwa, mlango wa gari na bafu la mama mkwe visitazamane hata kidogo.

Tazama pia njia ya kwenda chooni usiku na njia ya ndoo kutoka kisimani. Gari likikaa katikati ya hizo mbili, watu watalizunguka gizani kwa siku tatu bila kusema neno. Uwanja wa Kusini unafagiliwa alfajiri, mistari ya ufagio ikionekana mchangani kabla jua halijapanda, na anayefagia atafika kwenye gari lenu na kulikwepa. Mmoja wenu aamke mapema, achukue chelewa, na afagie kuzunguka magurudumu mpaka mistari yake ikutane na ya mwenyeji.

Gari lisawazishwe kwa vipande vya mbao chini ya matairi ya upande ulioinama, na kichwa cha kitanda kiwe upande wa juu. Gurudumu lizuiwe kwa jiwe, watoto watapanda na kucheza humo, hilo halizuiliki. Toa ufunguo, funga gesi kwenye mtungi wenyewe na si kwenye jiko.

Nani alale wapi? Usiku wa kwanza wakubwa walale ndani ya nyumba, kitanda chochote watakachopewa. Watoto wa nyumba na watoto wa wageni walale garini kwa pamoja. Mwenyeji anapata heshima ya kulaza mgeni, vyumba vinapungua watu, na binamu wanafahamiana usiku mmoja kuliko miaka mitatu ya simu. Usiku wa pili mkubwa anaweza kuomba kurudi garini kwa sababu ya mgongo, na atakubaliwa. Chandarua kifungwe garini pia. Lindi na Mtwara ni mikoa yenye malaria nyingi, na wavu wa dirisha una tundu mahali fulani siku zote.

Chakula cha kwanza ni cha mwenyeji, hata kama friji imejaa. Mkikaribishwa ugali wa muhogo na pweza, au ming'oko (viazi vya porini) iliyochemshwa, kaeni mkekani na kula. Baada ya hapo jiko la gesi litolewe nje na lipelekwe jikoni kwa akina mama, lichemshe chai na maji ya kuoga wakati kuni zinaivisha kitu kingine. Kupika chenu pembeni, ndani ya gari, milango imefungwa, ni tusi.

Maji yana hesabu yake. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi ya mchanga inapitisha maji chini, chemchemi ziko mabondeni, na ndiyo sababu nyumba nyingi zina mifereji ya bati inayoingia kwenye kisima cha kuhifadhia mvua. Maji ya kisima kile yamehesabiwa mpaka mvua ijayo. Fikeni Newala au Tandahimba na madumu yaliyojaa, lita 15 kwa mtu kwa siku zikiwa za kunywa, kupika na kuoga kwa kopo. Mkikaa zaidi ya siku moja nunueni madumu kwa wachuuzi, mjaze pipa la mwenyeji pamoja na yenu. Maji machafu yenye sabuni yamwagwe kwenye shina la mgomba, mbali na mdomo wa kisima. Choo cha kubebeka kimwagwe kwenye choo cha shimo baada ya kuomba, na kisitiwe dawa za kemikali za buluu. Zinaua vijidudu vinavyooza kinyesi, shimo linajaa mapema, na shimo si lenu.

Mzigo wa kurudi

Hakuna atakayewaacha mwondoke mikono mitupu. Mikungu ya ndizi, nazi, makopa (mihogo mikavu), njugu mawe, mbaazi na kuku wawili kila nyumba. Acheni nafasi ya kilo 150. Madumu ya maji yarudi matupu isipokuwa moja, na zawadi mlizokuja nazo zitakuwa zimekwisha, kwa hiyo nafasi ipo kama haikujazwa na vitu vya njiani.

Nazi zifuliwe kabla ya kupakiwa, ganda la nje linachukua nafasi maradufu na halina kazi mjini. Zipangwe sakafuni kwenye gunia lililofungwa mdomo. Nazi moja ikibingirika chini ya pedali ya breki ni ajali kamili. Kuku wakae kwenye tenga, nyuma, penye hewa, wapewe maji kila mnaposimama na wasipewe chakula asubuhi ya safari. Mihogo mibichi haivumilii siku mbili za joto, ombeni makopa.

Korosho zinahitaji uangalifu. Korosho ghafi zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na gunia la korosho ghafi kwenye gari binafsi wakati wa msimu litaulizwa kwenye kizuizi cha barabarani, hata kama ni zawadi ya bibi. Pokeeni zilizobanguliwa. Mkaa vilevile usipakiwe bila kibali chake na risiti. Akiwepo ndugu anayesisitiza, mwambieni kwa upole kwamba gari litazuiliwa. Atawapa kuku wa tatu.

Asubuhi ya kuondoka pimeni upepo upya kwa mzigo mpya, kazeni nati za magurudumu, na kagueni springi za nyuma kama kuna jani lililopasuka baada ya barabara za uwandani. Mashuka ya chumbani yaachwe yamekunjwa, na fedha ya sukari iwekwe mkononi mwa mama mwenye nyumba, pembeni, bila maneno mengi. Mkishafika, simu ya kwanza ni ya mjomba, kisha za nyumba nyingine kwa mpangilio mliolala.